Harusi ya Posta ya Zamani

Jumatano, 4 Juni

Nimepata harusi! Tena ndani ya Posta ya Zamani. Bibi harusi alikuja studio na mama yake. Mama nilimtambua kabla hajakaa. Miaka thelathini iliyopita aliuza stempu pale, dirisha namba tatu, na mimi ndiye niliyempiga picha ya harusi mbele ya dirisha hilohilo. Marehemu mumewe alimpata kwa kununua stempu moja kila asubuhi, wala hakuwa na mtu wa kumwandikia. Binti anataka picha kama ile. Nikamwambia aniachie mimi. Mama akasema, "Baba yake angefurahi." Nikajifanya natafuta kalamu.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa. Mjomba wa bwana harusi naye atapiga picha. Ana simu tatu! Nimempachika jina Simu Tatu. Kaniuliza kama kamera yangu imetoka makumbusho. Moyoni nilimjibu vizuri sana. Mdomoni nilicheka. Enzi zetu filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, basi. Ulimtazama mtu kwanza. Leo wanabonyeza kama wanapukuchua mahindi.

Nina mpango.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa msimamizi wa jengo, mama mwenye miwani na funguo nyingi kuliko milango. Nikamnong'oneza kuwa mwanga wa simu huchubua rangi za kuta za kale. Wataalamu wamethibitisha. (Mtaalamu ni mimi.) Alishtuka, akanishukuru, akaapa kesho harusini hakiingii kitu chenye mwanga. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu akauliza nimefanya nini tena. Anaujua mluzi ule.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mlangoni palikuwa na meza na kikapu. Simu Tatu akapokonywa zote. Nikafurahi dakika moja nzima. Kisha msimamizi akaninyooshea mkono. Nikamwambia mimi ndiye mpiga picha. Akasema anajua, na mwanga wangu ndio mkali kuliko wote, si nilimwonya mwenyewe? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na suti.

Na siku ilivyokuwa nzuri! Jua lilipenya madirisha ya juu likatua kwenye shaba ya dirisha namba tatu. Mama akaenda kuipapasa kaunta, taratibu, kama anamsalimu mtu. Vidole vyangu vilibonyeza hewa. Bibi harusi alinitafuta kwa macho mchana kutwa. Nilikuwa nyuma ya nguzo.

Jumapili, 8 Juni

Nimeungama. Binti alilia. Simu Tatu alisema mengi, nami nilistahili karibu yote. Mama akasema hata harusi yake iliharibika: mumewe alikanyaga gauni, likachanika, nami nikawaambia wacheke tu. Nilikuwa nimesahau. "Basi na sisi tucheke," akamwambia bintiye. Kisha akanigeukia mimi: "Lakini wewe nenda ukatuombee ruhusa ya kurudi kupiga picha."

Nikaenda. Nikamweleza msimamizi ukweli, mara ya kwanza mwaka huu. Alinitazama juu ya miwani mpaka soksi zikalowa jasho. Akatupatia muda wa saa moja, kesho asubuhi, kabla hajafungua.

Jumatatu, 9 Juni

Wamevaa upya. Gauni lina doa la soda, tukalifunika kwa maua. Niliwapanga maharusi, nikawapanga tena. Picha zikatoka kavu kama za kitambulisho cha kazini. Ndipo mama, bila kuombwa, akazunguka nyuma ya kaunta, akakaa palepale pake. Akamwita binti amwonyeshe alivyokuwa akikishusha kidirisha, pap, ili marehemu abembeleze. Bwana harusi nje akaanza kubembeleza kweli. Mama akacheka kicheko cha msichana, na machozi yakamtoka humohumo.

Niliipata. Moja tu.

Simu Tatu, aliyekuja kunichunga, alikuwa anajifuta macho. Hakupiga hata moja.

Jumamosi, 14 Juni

Picha iko dirishani mwa studio, watu wanasimama kuitazama. Nimejifunza somo kubwa: ujanja haulipi. Sitarudia.

Harusi ijayo ni Jumamosi ijayo, katika stesheni ya zamani ya treni. Nasikia Simu Tatu amealikwa. Nimempigia kwa sauti nzito, nikajiita mwenyekiti wa kamati, nikamwambia imesogezwa hadi Jumapili. Akanishukuru sana. Akasema nisihangaike, wageni wengine wote atawaarifu yeye.

Kumbe ni muungwana.