Nukta ya Gari Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi
Leo madereva wametia saini fomu ya ridhaa. Fomu ni yangu, kila herufi. Inasema kifaa kitafuatilia magari yetu ya kusambaza dawa saa za kazi tu. Ikifika saa kumi na moja jioni hakuna atakayetazama, hata dereva akienda na gari nyumbani. Wengine walisaini huku wakipiga soga. Dereva wa namba sita alisoma yote, mpaka tanbihi. Hakuna mwanamume aliyewahi kunisoma hivyo. Akaniuliza kama kweli sitamwona baada ya kazi. Nikamwambia sheria ni sheria. Sauti ilinitetemeka. Pengine alidhani ni msisitizo.

Jumanne, 4 Machi
Saa kumi na moja na robo. Nilichungulia tu. Kwenye ramani, nukta yake ya kijani imetulia nyuma ya soko, mtaa wa mafundi cherehani. Dakika arobaini. Nikaiwekea kidole kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa na joto.

Alhamisi, 6 Machi
Palepale, siku ya tatu. Ana mtu. Ni mrembo, najua. Nimeshamchukia mpaka viatu vyake. Kesho nitapita pale kwa bahati.

Ijumaa, 7 Machi
Niliaga mapema kazini, kichwa kinauma. Nikapita kwa bahati mara nne. Mara ya tano mlango ukafunguka. Mama mmoja mtu mzima, macho yamefifia, akasema nyayo hizi amezichoka, ama niingie ama niende zangu. Kumbe ni shangazi yake! Kila jioni humsomea gazeti. Nikaketi kwenye mkeka nikitamani na mimi nisomewe, hata matangazo ya vifo. Dereva alipoingia, furaha ikanifungua mdomo.
"Leo umechelewa, kaka. Kawaida unafika na robo."
Akakunja gazeti taratibu.
"Umejuaje, dada?"
Shangazi akauliza kama leo hasomewi gazeti.
"Ile fomu niliiamini kwa sababu uliiandika wewe," akaniambia.
Nilirudi kwa miguu. Njia nzima sikumwona mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Meneja amenisomea ibara ya nne ya fomu, ya kwangu mwenyewe. Imeandikwa vizuri sana. Nusura nimpongeze mwandishi. Akasema ningeweza kufukuzwa, na kampuni ikashtakiwa. Nenosiri nimenyang'anywa. Nimehamishiwa stoo, kwenye masanduku ya bandeji. Namba sita hupakia mlango wa pili. Hageuki.

Jumatano, 12 Machi
Nimemwomba radhi kwa barua, kurasa tatu. Alizisoma zote akiwa amesimama, mdomo ukimchezacheza. Akasema yameisha, mradi nisilifuatilie tena gari lake. Nikaapa. Gari lake. Nimeyarudia maneno hayo tangu mchana na kitu kingine hakukitaja. Kesho nitampelekea chupa ya chai, zawadi ya kupatana. Nimefungua kitako chake. Kifaa kidogo kinaingia sawasawa. Chupa si gari.