Nyimbo 6,214 na Ramani ya Japani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepoteza nyimbo 6,214. Zimepotea leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, kando ya Outer Ring Road, mikononi mwa muuza betri anayeitwa Oketch. Naandika saa na dakika ili baadaye mtu asinigeuzie maneno.

Betri ya zamani ilitoka, mpya ikaingia. Dakika mbili hazikuisha. Nikawasha gari. Redio nyeusi! Katikati ya weusi, mstari mmoja wa Kijapani. Oketch akachungulia dirishani akasema, budaa, hiyo imejifunga, inataka kadi yake ya ramani. Nikamwambia kadi imo. Akauliza ramani iko wapi. Nikamwambia nilifuta. Akaita wenzake waje waone.

Waone nini? Kadi ilikuja na gari kutoka Japani. Giga 32, barabara zote za Japani ndani. Mimi naishi Donholm na nashona kava za viti Kariokor. Sijawahi kupotea Osaka. Aprili nikafuta ramani, nikaweka muziki. Miaka kumi na tisa ya kukusanya: kaseti, sidii, flashi za watu. Kwa dakika nne kila wimbo, ni siku kumi na saba na saa sita bila wimbo kurudi. Redio ilikubali bila neno. Leo betri imetoka dakika mbili, ndipo inaikumbuka Japani.

Nakala za kwenye kompyuta nilizifuta siku ile ile. Kitu kimoja kukaa mahali pawili ni kupoteza nafasi. Sikutoka nilikotoka kwa kupoteza nafasi.

Mke wangu Muhonja amesikiliza yote. Ameuliza swali moja tu: na Mama je?

Mama Kageha, mama mkwe, anafika Ijumaa akitoka kumtembelea dada yake. Jumamosi nampeleka kwake Vihiga. Wimbo nambari 5,871 ni kwaya ya kanisa lao, mwaka 1998, na besi ni marehemu mumewe. Alinipa kaseti yenyewe Aprili. Nilipomaliza kunakili, mashine ikaumeza utepe. Kwa hiyo sauti ya mzee iko mahali pamoja duniani, napo ni redio yangu. Nimemwahidi ataisikia njiani, spika nne. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa, ndicho kitu cha kwanza alichoniomba. Kwao bado naitwa "yule Mkamba wa viti".

Muhonja anasema nitoe kadi niitie kwenye simu. Simu yangu haina tundu la kadi. Tena niliahidi spika nne.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa Obura, fundi wa redio. Amecheka kidogo, kwa heshima. Anasema nyimbo hazijafutika, zimefungiwa tu. Kwangu mimi wimbo usiosikika umepotea. Anasema nitafute kadi ya ramani kutoka redio ya aina hii hii, niitie, redio itafunguka, kisha nirudishe kadi yangu. Na nyimbo nizinakili mahali pengine, hata pawili. Nimemshukuru kwa la kwanza.

Nusu ya Kenya inaendesha gari hili. Lakini lililo karibu ni la Shitanda, jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Shitanda! Karani. Januari alichukua kivuli changu cha kuegesha, akasema kivuli hakina jina la mtu. Hapigi muziki, ni taarifa ya habari tu. Na ile skrini yake! Ramani inaijua Japani peke yake, kwa hiyo popote aendapo Shitanda, gari lake linachorwa katikati ya bahari. Miaka sita mtu anaendesha baharini na hajawahi kuuliza.

Muhonja anasema niende nimwombe. Nimwombe Shitanda? Atanihutubia hadi Krismasi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango. Nimemwambia Shitanda nataka kumpimia viti, kava za ngozi, kama jirani. Akanitazama sana. Akasema, Mwanzia, wewe ni mgonjwa? Kisha akanipa ufunguo, akarudi kumalizia chai.

Nikapima kiti cha dereva (sentimita 52, kimebonyea kushoto, kama mwenyewe). Nikatoa kadi yake. Tundu tupu lingenishtaki, nikaweka yangu. Zinafanana kabisa. Nia yangu ilikuwa saa moja tu: nifungue redio yangu, nirudishe kila kitu mahali pake. Huku si kuiba. Ni kuazima bila kumsumbua mwenyewe.

Nikaacha ufunguo kwenye kiti chake, nikakimbia kwenye gari langu. Nikaitia. Redio ikafunguka! Bahari! Bluu! Nimepiga makofi peke yangu ndani ya gari.

Niliporudi na futi yangu ya kupimia, gari la Shitanda halikuwepo. Ametumwa Thika na ofisi. Anarudi kesho. Nyimbo 6,214 ziko Thika.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa kumi na moja jioni. Shitanda anaingia getini, vioo vyote chini. Wimbo nambari 212. Wangu!

Majirani wametoka. Soja wa geti anacheza. Shitanda anawaeleza wote kwamba alikuwa anatafuta habari akabonyeza pabaya, muziki ukatoka. Kumbe redio ilikuwa imeuficha miaka sita! Anasema Mjapani aliyekuwa na gari hili zamani alikuwa mtu wa maana. Mama Akech wa ghorofa ya pili akamuuliza, sasa Mjapani anapenda benga ya Kikamba? Shitanda akafikiri. Akasema labda aliwahi kukaa Machakos.

Watu wanamsifu kwa uteuzi wake. Uteuzi wake! Na mimi nimesimama hapo na futi mkononi. Nikidai nyimbo, nitaulizwa zilifikaje humo. Nimemwambia nimesahau kupima kiti cha nyuma. Akasema, ndugu yangu, leo tusikilize kwanza, viti havikimbii.

Amefunga gari akaingia ndani na ufunguo mfukoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama amefika saa nane mchana. Hata begi halijafika chini. Shitanda alikuwa kivulini (kivuli changu), milango wazi, muziki unajichagulia wenyewe. Ukaingia 5,871.

Mama akasimama. Akatembea hadi kwenye gari la Shitanda, akaweka kiganja juu ya boneti. Wimbo ni dakika nne na sekunde thelathini na nane. Nilihesabu zote. Hakupepesa. Besi ilipoingia, midomo yake ikawa inaimba bila sauti.

Ulipokwisha akauliza gari ni la nani. Shitanda akasema, langu, Mama, kisha akaongeza maneno ya kwao, mimi siyaelewi. Yeye ni wa Kakamega, na kesho anakwenda nyumbani, barabara ile ile. Mama akasema basi atapanda na huyu aliyetunza sauti ya mzee.

Muhonja akanitazama. Nikatazama begi.

Ningeweza kusema. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini lazima yangeanza na "niliingia kwenye gari la jirani".

Jumamosi, 9 Agosti

Safari. Shitanda mbele na Mama. Mimi nyuma yao na Muhonja. Kutoka Donholm hadi Nakuru wimbo wangu unapita kwenye dirisha la mtu mwingine, na mimi naendesha baharini. Kwa kilomita mia moja na sitini Muhonja alipiga mwayo mara saba.

Nakuru tukasimama chai. Mama akaja kwenye gari langu, akakaa kiti cha nyuma, maana kwao mama mkwe hakai ubavuni mwa mkwe. Akauliza hiyo bluu ni nini. Nikasema bahari. Ya wapi? Ya Japani. Akacheka! Miaka ishirini na miwili, mara ya kwanza.

Kisha akasema, "Mwanzia, Aprili kaseti nilikupa wewe. Sikumpa Shitanda, na Japani sikuituma. Haya, nieleze."

Nilimweleza. Dakika kumi na moja. Akamwita Shitanda. Nilingoja hotuba. Shitanda akakuna kichwa akasema, "Si ungeniomba tu, ndugu? Hiyo ramani mimi hata sijui ni ya nini." Akanipa kadi yangu. Akasema yake nikae nayo, nimrudishie Jumatatu ikiwa nzima, nisije nikaikosa njiani.

Mama akabaki kwangu. Nakuru hadi Vihiga, wimbo 5,871 mara tisa. Mara ya sita akasema, "Huyu mkwe wangu." Mkwe! Si Mkamba wa viti.

Kesho anataka kufika kanisani na gari hili, vioo chini, wimbo ukipigwa. Wa kwaya ile wamebaki wanne, anataka wasikie. Amenitaka niape: sauti ya mzee iwe mahali patatu, na kadi ya mtu nisiiguse. Nimeapa. Kwa moyo wote.

Jumapili, 10 Agosti

Saa moja asubuhi. Shemeji Mulongo, mwalimu, ameniachia kompyuta yake akatangulia kanisani na gari lake. Nimeanza kunakili, kama nilivyoapa. Lakini nakala ikae wapi? Kadi niliyo nayo ya ziada ni moja tu, na imejaa Japani. Nikafuta Japani.

Nikanakili zote 6,214. Sasa kadi mbili, nyimbo zile zile. Mahali pawili! Nilijaribu kuvumilia. Robo saa. Nikafuta kadi yangu, hiyo nitampa Shitanda, giga ni zile zile na rangi ni ile ile, naye haangalii. Kwenye kompyuta ya Mulongo pia nimefuta. Siachi mizigo yangu kwa watu.

Ibada ni saa nne, gari liwe safi. Kufungua boneti, vichwa vya betri vina unga mweupe. Kazi ya Oketch hiyo! Nikalegeza waya, nikautoa nipanguse. Dakika moja tu, si mbili.

Redio nyeusi. Mstari mmoja wa Kijapani.

Sina wa kulaumu ila Oketch. Lakini mtu wa vitendo halii. Gari la Mulongo ni kama langu, liko nje ya kanisa, na futi yangu iko mfukoni. Nimemtumia ujumbe huu, naunakili hapa neno kwa neno:

"Shemeji, swali moja, usinizungushe. Kwenye redio ya gari lako kadi ya ramani imo au haimo? Na kava za viti vyako zilipimwa lini mara ya mwisho? Nataka jibu la ndiyo au hapana kabla ya saa tatu na nusu. Mama anafunga kitambaa cha kichwa."