Asilimia Sitini na Moja

Msimu wa uchaguzi ulipoanza, Bwana Asilimia alinusa riziki. Mgombea urais mmoja, tajiri wa mabati, alikuwa anatafuta mtu wa kumfanyia kura ya maoni. Watu wa namna hiyo hawatafuti ukweli. Wanatafuta sifa, ila ziwe na chati za rangi.

"Nataka wahojiwa elfu moja na mia mbili," alimwambia mkewe, akimwaga fomu mezani.

"Utawatoa wapi?"

"Si tupo watatu?"

Wakaanza. Mkewe akawa wakulima, yeye akawa vijana wasio na ajira, na mama mkwe, aliyekuja kusalimia siku mbili tu, akahojiwa mara mia nne bila kuinuka kwenye kochi.

"Mama, samahani, kodi ya mafuta ipande au ishuke?"

"Mwanangu, jana si nilisema ipande?"

"Jana ulikuwa mwalimu mstaafu. Leo wewe ni dereva wa lori."

"Loo! Basi ifutwe kabisa. Na barabara zenyewe mashimo matupu!"

Walibadilisha kalamu kila baada ya fomu kumi. Utafiti una maadili yake.

Matokeo: mgombea anaongoza kwa asilimia sitini na moja. Tajiri wa mabati akalia machozi. Meneja wake wa kampeni, mama mpole mwenye miwani, hakulia. Aliisoma ripoti yote, kisha akamvuta Asilimia pembeni.

"Kaka yangu, kukulipa ujira tu ni kukudharau. Mwenye sitini na moja ameshaunda serikali. Unaonaje ukiwa Mkurugenzi Mkuu wa Takwimu? Nyumba, dereva, kibendera mbele ya gari."

"Kibendera?"

"Eeh. Ila nafasi inagombaniwa, na kampeni ina uhaba wa magari. Wenzako wanachangia."

Asilimia alikuwa na kigari kimoja tu, na ndicho kilichomfikisha kwa kila mjinga aliyewahi kumlisha. Akasita.

Meneja akagusa chati kwa kidole. "Au hizi namba una wasiwasi nazo?"

Hapo mtaalamu akabanwa. "Wasiwasi? Hii ni sayansi, dada!" Akatoa funguo na kadi ya gari, akapokea barua yenye mhuri.

Nyumbani, mkewe alishika kichwa. "Baba watoto, hizo namba si tulizipika hapa hapa?"

"Tulizipika, lakini zimetulia. Hata madereva wa malori wako upande wetu!"

"Dereva wa lori ni mama yangu!"

Siku ya kura Asilimia alishinda kwa fundi cherehani, akipimwa suti ya kuapishwa. Tajiri wa mabati akapata asilimia moja na nukta fulani, na hiyo nukta ikapingwa mahakamani.

Asilimia akaenda ofisi ya kampeni kwa miguu. Mlangoni palikuwa na kufuli, na nje foleni ya suti mpya: mganga wa nyota, mpiga picha, mtunzi wa nyimbo za kampeni na wengineo. Wote walishika barua, wote Wakurugenzi Wakuu wa Takwimu.

"Mama meneja aliyahamisha magari yote juzi," mlinzi akawaambia. "Alisema yanakwenda kuoshwa."

Asilimia akakohoa kitaalamu.

"Ndugu wakurugenzi, tuambiane tu. Nani hapa alimpigia kura yule mzee? Anyooshe mkono."

Akahesabu. Wahojiwa kumi na saba, mikono sifuri, na wa kwake ukiwa mfukoni.