Nzi wa macho mekundu kwenye dote ya Mulongwe

Leo mdomo wangu umeniuza mbele ya wakwe.

Ilikuwa siku ya dote, mahari ya binti wa kanisa letu, hapa Mulongwe. Wamama wa kanisa walinipa kazi ya mutobe, maji matamu ya ndizi, sababu kwetu pombe ni marufuku. Nilikamua jana. Bidoni, dumu la kutilia, niliazima kwa jirani anayeuza kasiksi, pombe ya ndizi. Nikaisuuza haraka haraka, nikatia mutobe, nikaiacha kwa jua. (Akili zangu hizo.)

Watu wakaanza kunywa. Nzi wadogo wakaja. Feza akasimama.

«Musikunywe tena. Hawa nzi wametoka mu choo ya Mama Neema.»

Mama Neema ni minye, mimi mwenyewe. Na Feza ni bibi, mke wa Bahati, yule aliyeng'oa mabati ya nyumba yangu wakati wa uasi, minye nimejificha mu migomba ya Runingu. Mabati alichukua. Leo bibi yake anataka jina langu. Hilo nalo likienda, nani atanunua mutobe yangu?

Nikafunika nzi mmoja kwa glasi, nikamupelekea pasta.

«Angalia, pasta. Macho mekundu. Tumbo iko na mistari. Mabawa yanaangaza kama kioo. Nzi wa choo iko na manyoya, rangi ya majivu, na mabawa yake yamelala kama paa.» (Paa ya mabati. Feza anaijua.) «Kule migombani hawa ndio walikuwa majirani zangu. Nawajua kwa sura.»

Pasta akachungulia. Wajomba wa bwana arusi, Wakatoliki wa Runingu, wakachungulia. Wote wakanipa haki. Feza akakaa. Minye kifua mbele.

Pasta akauliza kwa upole: «Na hawa wa macho mekundu, mama, wanatafutaka nini?»

«Kasiksi, pasta. Hawakosei hata siku moja.»

Nikasikia maneno yangu yanatoka. Kuyarudisha, hakuna.

Pasta akatazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu, na hakikuwa cha kwanza.

Ndipo mjomba mkubwa, aliyenuna toka asubuhi sababu ya soda bila pombe, akasema: «Mama, leta hiyo bidoni huku. Kumbe mulituheshimu.»

Bahati naye akaja na kikombe. «Shemeji, kidogo tu.»

«Weye lete kwanza mabati.»

Bidoni imerudi kavu, na wajomba wamenipa kazi ya kinywaji cha arusi. Mukitaka kucheka, mucheke polepole. Pasta bado amelala.