Mara Moja Ngoja, Mara Mbili Pita

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu! Kalombo ameondoka alfajiri na lori la machimbo kwenda Kambove. Hatarudi mpaka Ijumaa. Ameacha shati lake la bluu kwenye kiti. Nimelivaa nikifagia, nimelivaa nikipika, na nimelivua tu kwa sababu jirani alikuja kuomba chumvi.

Nimehesabu. Tangu harusi tumekula bukari ya jioni, ugali wetu wa huku, pamoja mara kumi na moja. Kumi na moja! Jirani huyo wa chumvi anakula na mumewe kila siku na hawatazamani hata usoni.

Kambove si mbali. Tungekuwa na gari, angerudi kila jioni.

Na sasa habari kubwa. Leo nimekwenda mtaa wa Panda, hapa hapa Likasi, kumsalimu Papa, baba yangu. Macho yake yamechoka, daktari amemkataza usukani. Gari lake atampa mkwe mmoja kati ya wawili: Kalombo wangu, au Stanislas, mume wa dada yangu Marlène. Kila mmoja atamwendesha mpaka Lwisha na kurudi, Stanislas Ijumaa, Kalombo Jumamosi. Papa aliendesha malori ya mgodi miaka thelathini. Anasema hatatazama mwendo, atatazama adabu. Na hataki abiria wa kupiga kelele "pita, pita" masikioni mwake.

Stanislas anataka gari la kuegesha mbele ya baa. Mimi nataka mume mezani. Mungu anaona tofauti.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia Kalombo simu. Sauti yake! Nilisahau nilichotaka kusema, ikabidi nipige tena.

Ana hofu mbili. Ya kwanza: gari la Papa lilitoka Japani, usukani wake uko kulia, na sisi huku tunaendesha kulia kwa barabara. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori unaona matako ya lori tu. Anayeona mbele ni abiria wa kushoto. Ya pili: Kalombo alijifunza kwenye lori la machimbo, lenye usukani kushoto. Kule clignotant, ile taa ya kuonyesha unageukia wapi, inawashwa kwa mkono wa kushoto. Kwenye gari la Papa mkono wa kushoto unawasha vifuta kioo. Hata siku aliyotuendesha kutoka kanisani, kila kona tulifuta kioo. Katikati ya kiangazi! Watu walidhani ni madoido ya harusi.

Nimemwambia asiogope. Abiria wa kushoto nitakuwa mimi. Papa hawezi kukaa bega kwa bega na mkwe wake, heshima haimruhusu, kwa hiyo atakaa nyuma.

Nimejipenda sana leo.

Jumatano, 16 Julai

Mpango wa kwanza. Nimekanda unga wote aliotupa mama mkwe siku ya harusi na kukaanga beseni zima la beignets, maandazi yetu. Nimelibeba mpaka maegesho ya malori, barabara ya Lubumbashi. Madereva walikula kama watu waliotoka jela ya Buluo.

Mmoja mwenye ndevu, Firmin, amenifundisha lugha yao. Lori lililo mbele yako likiwasha taa ya kulia, njia ni nyeupe, pita. Likiwasha ya kushoto, kuna kitu kinakuja, kaa pale pale. Ukishapita, honi mbili fupi za kushukuru. Nilitokwa na machozi. Watu wasiojuana, wanatunzana kwa taa! Ni kama ndoa.

Nimewaomba: wakiona gari la kijivu lenye utepe mweupe kwenye antena, walipe heshima zote. Firmin ameapa kwa niaba ya wote, mdomo umejaa.

Jioni nimefika Panda, nikafunga kwenye antena utepe wa harusi yangu. Halafu nikafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye kijiti cha kulia, kile cha clignotant, ili Kalombo akikumbuke. Papa aliuliza natafuta nini garini. Nilisema navuta harufu ya utoto wangu.

Ijumaa, 18 Julai

Balaa! Balaa! Balaa!

Sikufikiria kwamba Ijumaa inatangulia Jumamosi.

Stanislas ameondoka asubuhi na gari la kijivu. Lenye utepe wangu. Amerudi kifua mbele. Anasema barabara yote inamjua. Malori yalimwashia taa za kulia, yakampigia honi, yakamwachia njia kama waziri. Amepita kumi na moja. Kumi na moja, kama bukari zangu! Yeye mwenyewe hakuwasha taa hata mara moja. Anasema kuwasha clignotant ni kuwatangazia watu siri zako.

Marlène amenishika bega kwa huruma. Ameniambia nisihuzunike, Kalombo anaweza kuja kuwaoshea gari Jumapili. Dada yangu wa tumbo moja!

Papa alishuka, rozari mkononi. Akaenda kulala saa saba mchana.

Jioni Kalombo amerudi. Nilimrukia mlangoni, nikamwaga maji ya kuoga. Halafu tumefanya mazoezi ya mpango wa pili. Sahani ikawa usukani, mwiko wa bukari ukawa gia. Mkono wake wa kushoto utakuwa kwenye gia, karibu na mimi. Nitaugusa kimya kimya. Mara moja, ngoja. Mara mbili, pita. Papa hatasikia kitu!

Kalombo aliuliza kwa nini asiniulize tu kwa mdomo. Nilimwambia ushindi hautafutwi hivyo. Amecheka. Anapocheka nasahau hata jina langu.

Jumamosi, 19 Julai

Mengi yametokea. Niende polepole.

Tumetoka Panda saa mbili asubuhi. Papa nyuma, kofia kichwani, rozari tayari. Kona ya kwanza, Kalombo amefuta kioo. Kona ya pili, amefuta kioo. Uzi wangu mwekundu aliudhania pambo.

Tumepita Buluo. Mbele yetu lori la magunia. Nikachungulia: lori jingine linakuja. Nikamgusa mara moja, ngoja. Akangoja, mpenzi wangu mtiifu. Lakini mkono wake ulikuwa wa moto, na pete yake iling'aa kwenye jua, na nikakumbuka padri akituuliza yale maswali… Nikaugusa tena. Kwa mapenzi tu!

Mara mbili.

Kalombo akachomoka kushoto, vifuta kioo vikicheza. Lori la magunia likawasha taa ya kushoto na kupiga honi ndefu kama tarumbeta ya kiyama. Kalombo akarudi nyuma ya magunia. Lile jingine likapita, na upepo wake ukatikisa mlango wangu.

Kutoka nyuma, sauti ya Papa:

"Gaëlle, weye na ule mukono! Niko nauona tangu Buluo. Kalia mikono yako!"

Nimekalia mikono yangu yote miwili mpaka Lwisha. Imekufa ganzi.

Kalombo alivuta pumzi. Halafu, mbele ya Papa, bila aibu, akaniuliza kwa sauti: "Bibi, uko naona nini?" Nilisema lori. Akangoja. Akauliza tena. Nilisema baiskeli ya makaa. Akangoja. Vumbi tulilokula! Ndipo lori la magunia likawasha taa ya kulia, nami nikasema njia ni nyeupe, na Kalombo akashika kijiti chenye uzi mwekundu. Chenyewe! Akapita taratibu, honi mbili fupi. Dereva akainua mkono dirishani. Nilitaka kumbusu Kalombo, lakini mikono nilikuwa nimeikalia.

Kurudi ikawa hivyo hivyo, malori manne tu. Moja lilipunguza mwendo likija, dereva akatoa kichwa: "Mama ya beignets! Leo iko wapi?" Firmin na ndevu zake. Nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti. Nikangoja Papa aulize tangu lini bintiye anajulikana na madereva.

Hakuuliza. Nikageuka. Papa amelala! Kofia miguuni, mdomo wazi, anakoroma. Mtihani wote, na mwalimu amelala! Nilitaka kumwamsha aone heshima zetu. Kalombo alikataa katakata.

Panda, Papa ameamka. Amechukua funguo kutoka kwa Kalombo, amezipima mkononi, halafu amemrudishia Kalombo. Amesema jana alisali rozari nzima mara tatu, kwenda na kurudi. Leo hakufika hata Salamu Maria ya pili. Miaka thelathini barabarani, hajawahi kulala ndani ya gari la mtu anayemtilia shaka. Na mwenye usukani wa kulia asiyemuuliza mkewe, amesema, ni kipofu mwenye haraka.

Nimelia mpaka utepe wa antena umelowa.

Jumatatu, 21 Julai

Bukari ya jioni ya kumi na tano! Na ni Jumatatu! Likasi hakuna mvua mwezi huu, kwa hiyo vifuta kioo vikilia mtaani, ninajua ni mume wangu anakata kona. Nilikuwa mlangoni kabla hajazima gari. Amenawa, amekaa, amenitazama. Matamba, kisamvu chetu, yalipoa, hatukujali.

Marlène anasema tumebahatika mzee kulala. Bahati! Mimi ninajua kilichotupa ushindi: beignets zangu, utepe wangu na alama zangu. Nimeshakanda beseni jingine.

Kalombo ameniomba jambo moja tu. Nisiguse tena mkono wake akiendesha. Alikuwa makini sana, macho mazuri namna ile, nikaapa hapo hapo kwa jina la mama yangu.

Jumapili tunampeleka Papa misa. Mkono sitaugusa.

Nitagusa sikio. Mara moja ngoja, mara mbili pita.