Ombi la Kumbandua Jogoo Kwenye Gitaa la Besi

Laitumkhrah, Shillong
Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Kwa Mjomba Skhemlang Kharbuli, Mawngap

Mjomba mheshimiwa,

Gitaa langu la besi halitaingia tena kanisani likiwa na jogoo. Hayo yalisemwa jana baada ya ibada na mzee wa kanisa, Bah Lamphrang Mawrie, mbele ya kwaya nzima. Amenipa hadi Jumapili tarehe 12, siku ya jubilei. Nikishindwa, nafasi niliyoishika miaka kumi na moja itachukuliwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Nililinunua mwezi uliopita kwa fundi redio, tayari limepakwa rangi ya magari na kuchorwa jogoo mwekundu aliyefunika mwili mzima wa gitaa. Ningelikwangua siku hiyohiyo. Lakini sijaoa, bado nakaa nyumba ya mama, na kila nikipatacho humu ni cha nyumba. Mwenye neno la mwisho juu ya nyumba ni wewe, kaka yake mama. Nina miaka hamsini na miwili, na ninaomba ruhusa ya kupiga msasa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jogoo ana jicho moja, nalo linamtazama mhubiri. Mzee Mawrie aliniuliza kwa heshima, "Bah, huyu ni jogoo wa Petro au wa dini ya mababu?" Nikamjibu ni wa mchora malori. Hakucheka.

2. Wacheza kamari ya mishale, wale wanaokisia mishale mingapi itagonga shabaha, wamemgundua. Mkia wake una manyoya saba. Jumanne mishale ikatoa saba. Tangu hapo wanapanga foleni barazani kila asubuhi. Mmoja aliomba nimgeuze, "tumwone na ubavu wa pili." Hana ubavu wa pili.

3. Mdogo wangu wa kike Daiamon, kitinda mimba na kwa hiyo mrithi wa nyumba, anaiuzia foleni hiyo chai na wali wa nyama ya nguruwe. Nilipochukua msasa alisimama mlangoni. "Bah, hilo gitaa ni la nyumba. Unataka kulimenya kama kiazi? Nenda kamenye vitunguu, wateja wanangoja." Nilimenya vitunguu.

4. Juzi mteja alimwamkia jogoo kabla yangu. Mambo yakiendelea hivi, kikao kijacho cha ukoo kitaongozwa naye, na wewe Mjomba utakaa pembeni ukisubiri awike.

Kwa usahihi: mila sijaivunja. Nimejaribu sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja, kwa hewa ya moto na kisu cha kukwangulia. Rangi inatoka vizuri.

Msalimie mkeo, watoto, na wote wa Mawngap, hata yule mbwa aliyenirarua suruali.

Mpwa wako mtiifu,
Kyrshan Kharbuli

Baada ya kusaini: Ile sehemu ndogo imekua. Chini ya jogoo kumetokea mchoro wa zamani zaidi: kijana kifua wazi, nywele hadi kiunoni, ulimi nje. Ni Mzee Mawrie. Gitaa lilikuwa lake mwaka 1986, kabla hajaokoka. Amethibitisha mwenyewe leo saa kumi jioni alipokuja kukagua kazi, akiwa ameketi kwenye ngazi yetu. Hakujua kwamba ndilo lile, maana yeye aliliuza kabla jogoo hajachorwa. Akasema, "Rudisha jogoo, Bah."

Nikamkumbusha lile jicho.

"Mchore hata mawili."

Kwa hiyo naondoa ombi la hapo juu na kuomba ruhusa ya kinyume chake. Mchora malori wa Mawlai atafika Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mzee Mawrie amesema atawahi, ahakikishe mchoraji anaanza kufunika uso wa yule kijana.