Vitambaa vya Kuonyesha Njia

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao Diani, hotelini kwa Judy. Judy ni dada wa kutoka Nairobi anayeshughulikia matembezi ya wageni. Amepata wazo: njia ya miguu kutoka Kinango, kando ya msitu wa Shimba, kupitia vijijini na mashambani, hadi ufukweni Munje. Mwendo wa siku mbili. Anaiita haiking. Sisi tuliozaliwa Kinango tuliiita kwenda kwa shangazi.

Anatafuta kiongozi mmoja wa kudumu. Tumebaki wawili. Mimi nimepewa nusu ya juu niweke alama. Nusu ya chini kapewa Farhan wa Ukunda, mwenye buti mpya na filimbi shingoni, ambaye safari yake ndefu kabisa kwa miguu ni kutoka kwao hadi msikitini. Jumamosi watatembea wageni wa kwanza. Baada ya hapo Judy atachagua.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Mapenzi. Yeye akaendelea kupepeta mahindi. Kisha akasema mradi wa nyuki aliuvumilia, wa sungura akauvumilia, na huu ukiharibika nitakwenda Kibuyuni kwa mwanyumba wangu Mwinyihaji, mume wa dadake, nikafunge mwani. Yeye atabaki hapa. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwani ni kazi ya heshima. Lakini ni kuinama kutwa ndani ya maji, na mgongo wangu haukuumbiwa hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Farhan anapaka mawe rangi ya manjano. Rangi ya kununua dukani. Ufahari mtupu.

Mimi nimetumia akili. Chome, fundi cherehani wa sokoni, amenipa bure gunia la vipande vya nguo. Vyekundu, vyeupe na vyeusi. Rangi nyingine kaziweka, ana kazi nazo.

Nimefunga kutwa. Nimechagua miti mikubwa inayoonekana kutoka mbali: mikwaju, mbambakofi, mkuyu wa pale kisimani. Kwenye mdomo wa pango, njia inapokata kushoto, nimefunga rangi zote tatu ili mtu asikosee. Kazi safi.

Najua watu watasema nini. Nimezaliwa huku. Vitambaa vya rangi hizo juu ya mti mkubwa hufungwa na mtu aliyepeleka shida yake kwa mzimu. Lakini nimelipima jambo hilo. Yule hufunga kwa nia. Mimi sikuwa na nia, nilikuwa na njia. Kitambaa kisicho na nia ni kitambaa tu.

Farhan alipita na bodaboda. Akalitazama pango. Akanitazama mimi. Wivu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi kukagua. Mambo ni mazuri mno. Chini ya mbambakofi nimekuta mkate kwenye sahani safi, chupa ndogo ya marashi na ubani kidogo. Watu wa kule ni wakarimu, wameanza kuwaandalia wageni kabla hawajafika. Mkate nikaula, maana ungechacha.

Tena vitambaa vimezidi. Vingine viko kwenye miti ambayo haimo hata katika njia yangu. Wananchi wameupokea mradi.

Jambo moja tu. Wanawake waendao kuni hawapiti tena njia ile, wanazunguka kwa barabara kuu kwenye jua. Nikadhani wanawaachia wageni nafasi.

Jioni nikapita kwa Bi Waridi, mjane anayekaa karibu na kisima, ambaye ndiye atakayewapikia wageni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, lakini hakunikaribisha kiti. Akasema hapiki. Maji ya kisima kile hateki tena, hawezi kuchota mahali palipokwisha kuombewa jambo. Akaniuliza kwa upole nyumbani kwangu anaumwa nani. Nikamwambia hakuna anayeumwa, sote wazima. Akasema basi ni mabaya zaidi ya alivyofikiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda alfajiri kuvifungua vitambaa vyote. Sikufungua hata kimoja.

Shida ni hii. Kitambaa alichofunga mwenzio hakiguswi. Ukikifungua, shida yake umeipokea, utakwenda nayo kwako. Vyangu naweza kuvifungua bila wasiwasi. Lakini vyangu ni vipi? Nilidhani nitavitambua kwa kitambaa cha Chome. Kumbe watu wote wamechukua kwa Chome. Nilimkuta ana foleni mlangoni. Kanipungia mkono kwa furaha.

Nikakaa kwenye jiwe nikifikiri. Lilikuwa jiwe la Farhan, lenye rangi, pale nusu yake inapoanzia. Nilipoinuka nikaligeuza, manjano ikatazama chini. Nikageuza na yaliyofuata, mpaka kiuno kikakataa. Haikuwa katika mpango wa leo, lakini mtu hawi na mpango kila siku.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata ufumbuzi. Nimempigia Judy simu nikamwambia njia ya juu ina utamaduni. Vitambaa halisi, watu halisi, hakuna kilichopangwa. Amefurahi kupita kiasi. Akasema iko fiti sana, wageni watadata, na Farhan ana mawe tu.

Mapenzi alinisikia. Akauliza kama wenye utamaduni huo wanajua kuwa wanatembelewa. Nikamwambia asianze.

Jumamosi, 9 Agosti

Tuliondoka Kinango asubuhi, Judy na wageni wake na mimi mbele. Hali ya hewa nzuri. Kinyesi cha ndovu kilipigwa picha. Vitambaa vilipigwa picha. Niliona kazi iko mkononi.

Pangoni tukakuta watu. Mganga, mzee Chirau, na ngoma mbili, na bibi mmoja amekaa kafunikwa kaniki, anatibiwa mguu. Familia yake ilikuwa imekesha pale. Wakatukaribisha vizuri, wageni wakakaa chini. Hapo nilitaka tuendelee na safari lakini Judy akasema hapana, hii ndiyo yenyewe.

Kati ya wageni alikuwamo Cynthia, msichana wa Nairobi mwenye nywele nyingi. Joto lilimzidi. Akanyoosha mkono, akafungua kitambaa chekundu mtini, akafungia nywele zake.

Ngoma zikanyamaza. Mzee Chirau akaomba radhi kwanza, kisha akaeleza kwamba kitambaa kile ni cha bibi huyu, na mguu wake sasa uko kwa yule dada.

Cynthia akasimama, akapiga hatua, akachechemea.

Lilikuwa lengelenge. Buti zake zilikuwa mpya kama za Farhan, na alikuwa akilalamika kisigino tangu mtoni. Lakini kwa wakati ule haikufaa kusema. Bibi naye akavua kaniki, akainuka, akasema anajisikia nafuu. Familia ikashangilia. Cynthia akalia.

Akafukizwa ubani mpaka alasiri. Akatafutwa kuku mweusi, na kijiji chote kina kuku weupe. Alipopatikana kuku, na Cynthia akazinguliwa shida ya watu, jua lilikuwa limeshakwenda. Nikawaambia wageni twende chapu, Farhan anatungoja huko chini na madafu.

Tukaingia nusu ya Farhan. Judy akauliza alama za manjano ziko wapi. Nikasema hata mimi namshangaa Farhan. Hatukuona hata jiwe moja. Giza likaingia. Kilichoonekana kwa tochi ni vitambaa, vile walivyofunga watu. Judy akaamuru tuvifuate. Tukavifuata kwa muda mrefu sana, mlima na bonde, kwa uaminifu. Vikaturudisha pangoni kwa mzee Chirau, ambaye hakuonekana kushangaa. Alikuwa amewasha moto na kututandikia mikeka.

Jumapili, 10 Agosti

Kazi kapata Farhan. Asubuhi alipanda kututafuta, kisha akatushusha akiyageuza mawe moja moja. Kila alipogeuza aliinua macho kunitazama. Sasa najua haikuwa wivu.

Judy kanishukuru kwa muda wangu.

Mapenzi alikuwa ameshanifungia mkoba. Akasema niende, nikae, nisibuni chochote. Nikiweza kutulia, atakuja kuniona. Nisipoweza, nisimtume mtu. Niliumia, sifichi. Miaka yote hii sikumwona akizungumza huku akitazama mlango.

Jumatano, 13 Agosti

Kibuyuni. Ni kama nilivyotabiri kuhusu mgongo. Wanawake wanaofunga mwani wananicheka kwa Kivumba, Kiswahili cha huku, na ninaelewa karibu yote. Mwanyumba Mwinyihaji ni mtu mwema. Amenipa banda ndani ndani, mbali kidogo na nyumba zao. Sijabuni chochote. Dada mtu ameliona hilo na akampigia simu Mapenzi.

Mapenzi anakuja Ijumaa! Nimemkumbuka zaidi ya nilivyotarajia. Nitapika wali wa nazi.

Ila kuna tatizo. Kutoka barabarani hadi bandani kwangu ni njia panda juu ya njia panda, na sitaki mke wangu aulize ulize watu mume wake kafichwa wapi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeliweka sawa. Kitambaa sikugusa, somo hilo nimelipata. Nimetumia nazi. Kila njia panda nimeweka nazi niliyoipasua, weupe unatazama juu, unaonekana tangu mbali. Nimezifunga uzi mwekundu zisiviringike.

Nimefikiri pia juu ya maneno ya watu. Nazi ya kafara huzungushwa kwanza kichwani kwa mtu. Hizi hazikumzunguka mtu yeyote. Nazi isiyozungushwa ni mboga.

Jioni njia zimetulia kabisa. Hata bodaboda hazipiti. Atakuja kwa raha.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimengoja tangu adhana ya adhuhuri. Wali ulitoka vizuri.

Magharibi, Mwinyihaji akaja na habari kutoka kwa mwenye bodaboda. Mwanamke mwenye kikapu alishuka barabarani, akaja kwa miguu mpaka njia panda ya kwanza. Akasimama akiitazama nazi. Akamuuliza kwa sauti mwenye bodaboda, aliyebaki barabarani, kama huko ndiko anakokaa mgeni wa kutoka Kinango. Akamjibu ndiko. Mwanamke akasema alijua, akaomba arudishwe kituoni.

Nimekwenda kuangalia na kosa nimeliona. Nazi ikipigwa na jua hugeuka rangi, haionekani vizuri. Mtu mgeni lazima apotee. Kesho nitaweka mayai.